Faili nimekabidhi, roho ndo haijakabidhi

Barua za wasomaji: Mjomba anajibu

Wiki hii barua tatu na zote za mambo ya kwaya, sijui mlikaa mkapanga. Ya kwanza ilikua ndefu sana nikaipunguza, mwenyewe nimemwomba ruhusa na jina tumeliacha.

*Shikamoo Mjomba. Mimi mama wa miaka 48, naishi Mikindani, Mombasa, naimba sauti ya pili tangu niko msichana. Kuanzia 2019 hadi 2025 nlikua mwenyekiti wa umoja wa kwaya za upande wetu, mihula miwili ya miaka mitatu mitatu, katiba yetu hairuhusu wa tatu na hata ingeruhusu nlikua nshachoka. Nlipokea kwaya 9 nikaacha 12. Siku ya mkutano mkuu nkasoma ripoti, wakapiga makofi, wakaniimbia, wakanivisha leso, tukala pilau, kufika saa kumi na moja kila mtu ashaenda zake na mimi niko kwenye tuktuk, leso mabegani na faili la stakabadhi mapajani nlilosahau kukabidhi.*

*Mjomba tangu siku ile silali vizuri. Simu haiiti. Zamani ikifika Alhamisi ishaita mara ishirini, kinanda kiko kwa nani, wa Likoni wamekwama feri, sare za kwaya fulani hazijatoka kwa fundi, na mimi nalalamika mume wangu shahidi, saa hii kimya mpaka naichukua niangalie kama imezima. Mwenyekiti mpya ni kijana wa sauti ya tatu, miaka 29, mimi mwenyewe ndo nlimfundisha kusoma nota. Ashabadilisha mazoezi ya pamoja kutoka Jumamosi saa tisa hadi Jumapili jioni, hajaniuliza. Si lazima aniulize, najua. Lakini hajaniuliza.*

*Alafu kuna leso. Nimefika nyumbani nkaikunjua ndo nkasoma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa: Mgeni njoo mwenyeji apone. Mjomba wewe mtu wa pwani, nambie, huo si ujumbe? Yaani miaka 6 walikua wagonjwa wanangoja mgeni?*

*Na hili la mwisho ndo linanikosesha usingizi haswa. 2020 korona ilipoingia, mgonjwa wa kwanza alitangazwa Ijumaa, mimi Jumamosi nkasimamisha mazoezi ya pamoja kabla hatujaambiwa na mtu. Tulikua na tamasha la Pasaka na ukumbi tushalipia rubuni. Kuna kwaya moja kubwa, yenye besi nzuri kuliko zote, mwalimu wao akasema mbele ya watu mama huyu ana imani haba, wakajitoa, hawajarudi mpaka leo. Kwenye ripoti sikuandika. Niliandika kwaya 9 zimekua 12 na ni kweli, lakini ukihesabu vizuri ni 13 toa 1. Sasa nauliza, niliongoza kweli ama nlikua nazima moto tu miaka sita? Na wananiomba niwe mlezi wa umoja, nikubali?*

*Mama wa Sauti ya Pili, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Nianze na leso manake ndo rahisi.

Nenda Mtaa wa Biashara Jumamosi asubuhi usimame mlangoni pa duka lolote la leso nusu saa tu. Mama akiingia anakunjua, anasoma, anacheka, anarudisha, anaomba nyengine, anamuuliza shoga yake hii nikimpa fulani itakuaje. Mwanamume akiingia anauliza bei, anauliza kama ipo ya manjano, analipa. Mimi mwenyewe mwaka fulani nilimpelekea mama mkwe wa mpwa wangu leso siku ya harusi, nkajiona nimefanya la maana, kumbe imeandikwa kitu ambacho sitakirudia hapa na yule mama mpaka leo ananisalimia kwa mbali. Kwa hivo kabla hujalia ulizia kwanza, kamati ilimtuma nani. Kama ni kijana wa bodaboda aliyetumwa na mweka hazina, basi huo si ujumbe, hiyo ni rangi. Kama alinunua mama mwenzio, haya, hapo kaa ufikirie. Lakini hata hivo soma tena. Mwenyeji ni nani hapo? Aliyekua anaumwa na simu ishirini kila Alhamisi ni wewe. Vaa leso yako.

Sasa la 2020 nataka tukae kidogo.

Watu wengi mpaka leo wanafikiri kwaya zilisimamishwa kwa sababu ya mkusanyiko tu, kama soko la Kongowea ama stendi ya matatu. Hapana. Kuimba kwenyewe ndo kulikua tatizo. Mwanakwaya anavuta pumzi mpaka chini ya mbavu alafu anaitoa kwa nguvu na kwa muda mrefu, na pumzi ile inatoka na matone madogo yasiyoonekana yanayobaki hewani, na nyinyi mmesimama bega kwa bega, mabesi nyuma wanapumulia visogo vya sauti ya kwanza, saa mbili nzima, tena chumba kile cha nyuma ya kanisa ambacho feni moja haizunguki.

Kuna kisa kimoja kiliandikwa sana, cha kwaya ya Skagit Valley, jimbo la Washington kule Marekani. Tarehe 10 Machi 2020, siku tatu kabla ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza, walifanya mazoezi yao ya kawaida ya jioni, kwa muda wa saa mbili na nusu, watu 61. Mmoja wao alikua na kitu kama mafua. Katika hao 61 waliougua ni 53, 33 vipimo vikathibitisha na wengine 20 dalili zikahesabiwa kua ndo hiyo hiyo. Wawili walikufa. Mazoezi ya jioni moja tu hayo! Na si kwamba walikua wazembe, siku hiyo walijitahidi wasikumbatiane na dawa ya kusafisha mikono ilikuepo. Sijui imani yao ilikua kiasi gani lakini pumzi ilikua ile ile ya wanakwaya wote.

Wewe hukuyajua hayo Jumamosi ile ya tarehe 14, hakuna mtu Mikindani aliyeyajua. Nadhani uliwaangalia wale mabesi wako wazee ukaingiwa na wasiwasi, basi. Na tamasha lenyewe? Pasaka mwaka ule ilikua 12 Aprili. Kufikia 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zilishafungwa, hutoki huingii, na tangu mwisho wa Machi ikifika saa moja usiku ni kafyu. Makanisa yalipokuja kufunguliwa Julai ilikua watu 100, ibada ya muda wa saa moja tu, wazee na watoto wasije. Tamasha gani hilo mngefanya? Rubuni ya ukumbi ilikua imekwenda tu, na mwalimu yule akikaa peke yake na kalenda anajua.

Kwa hivo kusimamisha ulifanya sawa na usiruhusu mtu akwambie vyengine. Lakini, na hapa usininunie, barua yako nimeisoma mara tatu na hamna mahali umeandika *nilimwendea*. Mwalimu alisema neno mbele ya watu, kwaya ikatoka, miaka mitano ikapita, na wewe mwenyekiti hukupanda tuktuk ukaenda kwake. Najua kwanini, ungekua unaenda kama umoja. Ukienda wewe kamati itauliza umetumwa na nani, na wale wengine 12 watasema mbona hao wanabembelezwa, na yeye mwenyewe angeona umekuja kuomba radhi kwa jambo ambalo hukukosea. Kiti kile kinafunga watu miguu, mimi nimekikalia. Sasa huna kiti. Nunua mahamri ya moto, ya mia mbili yanatosha, nenda kwa huyo bwana saa kumi alasiri umwambie nimekuja kukusalimia, nimestaafu. Umoja usiutaje. Ongeeni mambo ya watoto, bei ya unga, nani kafariki. Akitaja yeye, mjibu. Asipotaja, rudi siku nyengine. Besi zao zikirudi zirudi, zisiporudi wewe utakua umelipa lako.

Na ile ripoti, mwombe katibu aiongeze mstari mmoja: kwaya moja ilijitoa 2020, na sababu. Miaka kumi ijayo mtu atafungua faili aulize mbona hawa wa ng'ambo hawaimbi na sisi, akute jibu. Ripoti zetu hizi za kumaliza muhula zina shida hiyo, zinaandikwa kama risala ya harusi, kila kitu kilikwenda vizuri kwa neema, na ukisoma huwezi kujua mwenyekiti alikua akifanya kazi gani.

Umeuliza uliongoza ama ulikua unazima moto. Mwanangu hiyo ndo kazi yenyewe. Nani ana kinanda, nani kakwama Likoni, fundi wa sare amekula hela. Ulifikiri kuna uongozi mwengine umefichwa mahali? Kwaya 12 kukubaliana kii moja ya kuanzia wimbo na mstari mmoja wa kusimama ni muujiza mdogo, watu wa vyama vya soka wenyewe hawawezi.

Nikupe mfano wa nyumbani. Wimbo wa taifa letu hili, sauti yake imetoka kwenye bembelezi ya Wapokomo, hapo Tana River, kitu ambacho mama alikua akimwimbia mtoto alale. Mzee Meza Moroa Galana ndo aliyeitoa, na 1963 tume ya watu 5 ikakaa nayo: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, huyu wa mwisho mtu wa pwani yetu, kasisi aliyekuja kua mbunge. Sasa simama nje ya shule yoyote hapo Mikindani wakati bendera inapanda uwaulize watoto ni nani alikua akiendesha vikao vya tume ile, nani aliweka chai, nani alichelewa, na nani aligombana na nani juu ya noti moja. Lazima waligombana, watano wa muziki chumba kimoja! Hakuna anayejua na wimbo unaimbwa asubuhi ile ile, sauti ya pili ikiwepo ama isiwepo.

Tukiingia kwenye ulezi. Hapa nitakuhadithia yangu, na nimesita kuiandika.

Mimi nilimaliza muhula wangu zamani sana, kabla ya simu za mkononi. Nilikabidhi mafaili mbele ya watu, picha ikapigwa, na ufunguo wa kabati la nota nkabaki nao mfukoni miezi minne. Sikuusahau. Mle ndani kulikua na nyimbo zetu zote za do-re-mi, si zile nota za mistari, zile za herufi na nukta mbili mbili, nimeandika mwenyewe kwa mkono na karatasi ya kaboni chini, nakala ya nne ilikua haisomeki vizuri ikabidi uikisie. Nkawa nasema watazichafua. Alafu nikawa naenda mazoezi nakaa kiti cha nyuma kabisa, sisemi kitu, lakini wimbo ukianza kulegea nakohoa. Kikohozi kidogo tu. Baada ya wiki chache wanakwaya wakawa wanaimba wananiangalia mimi badala ya mwalimu wao. Siku moja yule mwalimu wao, kijana, akasimamisha wimbo, akageuka kwa adabu zote akaniuliza, mzee, una la kusema? Nkasema hapana, ni vumbi. Nimefika nyumbani mke wangu, ashapata habari tayari, akaniwekea kikombe cha tangawizi mezani akasema kunywa hiyo, kikohozi chako kimekua kirefu. Ufunguo nkaupeleka kesho yake.

Ndo maana nikisikia mlezi nashtuka. Mlezi huku kwetu mara nyingi ni mwenyekiti aliyekataa kushuka kwenye matatu, amehama tu kiti cha mbele akaenda cha nyuma ya dereva. Usikubali sasa. Waambie asanteni, niulizeni tena baada ya matamasha mawili. Kama bado wanakutaka wakati huo, na wewe umelala usingizi wako wote katikati, hapo ni sawa.

Hilo faili la stakabadhi lipeleke wiki hii, usiweke sukari juu yake wala usimpigie kijana simu ya saa nzima kumweleza kila risiti. Kwenye grupu la WhatsApp, kama admini ni wewe peke yako, mpe yeye uadmini kwanza ndo ujitoe kwenye cheo, manake ukitoka ghafla simu itamchagua mtu yeyote tu na mnaweza kujikuta mnaongozwa na yule ndugu wa kutuma picha za maua kila asubuhi. Mazoezi kuhamia Jumapili jioni mimi naona si vibaya, wanaofanya kazi Jumamosi bandarini na kwenye mahoteli watapata kuja, lakini hilo si langu na sasa si lako.

Alafu rudi ukaimbe. Si kukaa nyuma, simama kwenye mstari wa sauti ya pili katikati ya wengine na karatasi mkononi. Tangu lini hujaimba wimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuhesabu viti na kuangalia mlangoni kama jaji amefika? Utakosea mara ya kwanza. Msichana wa pembeni yako atakugusa kiwiko akuonyeshe mmefika wapi.

*Mjomba habari za kazi. Mimi katibu wa umoja mdogo wa kwaya huku Kisauni, tumesajiliwa kama chama. Tumefanya uchaguzi wiki 3 zilizopita, viongozi wa zamani wameondoka kwa amani lakini benki bado saini ni zao, na namba ya kuchangia kwa M-Pesa iko kwa jina la mweka hazina wa zamani, mzee wetu tunamheshimu. Tufanyeje bila kumuudhi?*

*Katibu mwenye haraka*

Wiki 3? Haraka yako imechelewa mwanangu. Kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, mabadiliko ya viongozi yanatakiwa kupelekwa kwa Msajili ndani ya siku 14, kuna fomu yake inaitwa Fomu H. Jazeni mpeleke hivo hivo, bora kuchelewa kuliko kunyamaza. Kama mlisajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii kama kikundi, hiyo ni njia nyengine, nendeni ofisi hiyo hiyo.

Benki watataka muhtasari wa mkutano uliotiwa saini unaosema wazi nani ametoka nani ameingia, vitambulisho na PIN za kodi za wapya, na kwa kawaida wale wa zamani nao wasaini barua. Ndo maana nasema fanyeni sasa mkiwa bado mnakula pilau moja. Nimeona umoja umekaa miaka miwili na hela zake hauwezi kuzigusa kwa sababu mweka saini mmoja alihamia Taveta na kununa.

Namba ya simu msiirithi. Laini ya mtu ni ya mtu, ina pesa zake na siri zake. Fungueni namba mpya kwa jina la chama, tangazeni kwenye kila kwaya wiki nne mfululizo, na mzee akae na kamati siku moja asome salio na meseji za michango, ahamishe, muandikiane. Yule mzee hataudhika, atakaeudhika ni yule aliyetoa mchango wake ukaenda namba ya zamani akaambiwa hajalipa. Kwa mwaka mzima watatuma kule, mjue hivo, na mzee atakua mpokezi wenu asiye na mshahara, kwa hivo mkimpita kahawani mlipieni kashata.

*Salaam Mjomba. Juzi nimechaguliwa mwenyekiti wa umoja wa kwaya. Aliyenitangulia ni mama wa rika la mamangu na anajua kila kitu. Nataka kumpigia nimuulize mambo lakini naogopa ataniona sijui kazi, ama atadhani namsumbua ashapumzika. Wenzangu wananiambia nijitegemee.*

*Sauti ya Tatu*

Barua hii imetoka Nyali, si Mikindani, nimeangalia mara mbili kwa hivo msianze.

Mpigie. Si asubuhi, mpigie jioni akishamaliza kupika. Na usimpigie kumuuliza hali tu alafu ukanyamaza, muulize kitu kidogo ambacho anakijua yeye peke yake: ufunguo wa ukumbi unakaa kwa mlinzi yupi, ama kinanda kile kitufe cha re kinachokwama anakipigaje. Mwache aongee. Ataongea dakika arubaini, weka vocha ya kutosha.